Gunia la Pumba

Nimeuza pumba miaka ishirini na sita
pale mashineni Nkuhungu, ubavuni mwa Chedego
anayelehemu sufuria zilizotoboka.
Debe la kuku, debe la nguruwe,
na yule Mnyaturu wa Kizota
anayebeba gunia zima kila Jumanne.
Hakuna aliyewahi kuniuliza: na wewe, je, unakula?

Sisi tulikula sembe.
Sembe iliyokobolewa mara mbili,
nyeupe hadi ukiishika unanawa kwanza.
Dona ilikuwa ya bweni, ya jela,
ya mwaka ule wa njaa na unga wa yanga.
Siku niliyothubutu kuipika
Mbeleje aliutoboa ugali kwa kidole,
akaniuliza kama nguruwe wameshashiba.

Mwezi wa tatu nilikwenda kupima presha, presha tu.
Binti wa maabara, Nyemo, akanitoa damu
akaniambia nirudi kesho.
Kesho yake akasema: lehemu.
Nikamwambia, mwanangu, lehemu iko kwa Chedego.
Akacheka. "Jina ni lilelile, mama,
ila hii inaziba mshipa ambao haukutoboka."

Akaniuliza hedhi ilikoma lini.
Nikahesabu: mwaka tulioezeka bati jikoni.
"Basi," akasema, "mwili ulikuwa na mlinzi.
Kastaafu bila kuaga.
Kina mama wengi hulijua hilo hapa, kwenye hii benchi."

Kisha akataja pumba.
Nilicheka mpaka benchi likalia.
Lakini alieleza, na mimi nikasikiliza:
kapi likishuka tumboni hushikana na nyongo,
hutoka nayo nje kama mgeni aliyeondoka na blanketi.
Ini, likikosa nyongo, hupika nyingine,
na kuni zake ni hiyo lehemu iliyomo damuni.

"Si kila pumba," akaongeza.
"Za ngano hazifui dafu sana. Za shayiri zimepimwa, zinasaidia.
Hizi zetu za mahindi na uwele, sina hakika ya kukupa.
Na dawa usiache."
Nikampenda hapohapo.
Miaka yote hii sokoni sijakutana na mtu
anayeuza kitu na kutaja kasoro yake.

Msiniambie bibi yangu alijua.
Bibi yangu kule Mvumi alisaga uwele na ganda lake
kwa kuwa mashine ilikuwa mwendo wa nusu siku,
na angeipata sembe angeifungia sandukuni
pamoja na kanga yake ya sikukuu.

Sasa nachekecha mara tatu.
Natoa mchanga, natoa uzi wa gunia,
natoa fukusi mmoja mwenye kichwa kigumu.
Nakaanga kidogo, bila mafuta.
Harufu yake ni ya mvua ya kwanza
juu ya vumbi la Desemba, ile inayokuja ikakatika.
Ladha yake, nisiseme uongo, ni ya gunia.
Mlenda huusaidia mwendo.

Miezi minne.
Nyemo akaigeuza karatasi kuielekeza dirishani:
sita nukta nane imekuwa sita nukta moja.
Inawezekana ni pumba.
Inawezekana ni yale mafuta ya chapati niliyoyaacha,
au vidonge, au miguu yangu
iliyojifunza njia ya Majengo bila bodaboda.
Hakuniambia ni kipi. Nami sikumlazimisha.

Mbeleje sasa anakula dona kimya,
macho kwenye redio,
kama mtu anayekula mahali asikotaka aonekane.
Jana aliomba ukoko.

Na Jumanne hii Mnyaturu alilipima gunia kwa bega,
akalishusha, akaniangalia.
"Mama, mbona limepungua?"
Nikamwambia nimepata nguruwe mpya nyumbani.
"Anakula kiasi gani?"

Vijiko vitatu, nikasema.
Asubuhi, kwenye uji.